Skrini Nyeusi Butembo: Picha Imefia Wapi?

Kompyuta inaletwa ikiwa imefungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki. Imetoka katika sekretaria moja ya mjini, kibanda ambako watu huchapisha barua za maombi, mialiko ya harusi na tasnifu za wanafunzi wa Université Catholique du Graben. Mwenyewe anasema, "Mukubwa, inawaka lakini haioneshi kitu." Kweli, feni zinazunguka, taa ya mbele inawaka, na skrini ni nyeusi tii. Kabla ya kufika kwangu alipita kwa fundi mwingine, akaambiwa kadi ya grafiki imekufa, atafute dola za kununua nyingine. Hukumu hiyo ilitolewa kabla kifuniko cha mashine hakijafunguliwa.

Hukumu ya namna hiyo imekuwa mazoea Butembo na Beni, na inawala watu pesa. Kwa mwenye sekretaria, bei ya kadi ni kazi ya wiki kadhaa. Kwa kijana anayehariri video za harusi na za kwaya, ni msimu mzima. Mara nyingi kadi mpya inafungwa na weusi unabaki palepale, kwa sababu kadi haikuwa na kosa. Fundi anayekimbilia kuuliza kifaa gani kimekufa amelianza swali mwishoni. La kwanza ni kuuliza picha ilifika wapi kabla ya kupotea.

Maana picha ina safari. Ukibonyeza swichi, kisanduku cha umeme huuarifu ubao mama kwamba volti zimetulia. Prosesa huamka, BIOS, programu ya kwanza ya ubao mama, hukagua RAM, kisha hutafuta kadi ya grafiki na kusoma programu ndogo iliyohifadhiwa ndani ya kadi yenyewe. Hapo ndipo nembo ya Dell au HP inapotokea. Baadaye BIOS hukabidhi kazi kwa Windows au Linux, ambayo kwanza hutumia picha ya kawaida inayowezekana kwa karibu kadi yoyote, halafu hupakia kiendeshi, ile programu inayoijua kadi kwa undani, ambayo kwa Kifaransa chetu tunaiita piloti. Kuanzia hapo skrini iko mikononi mwa kiendeshi. Kwa hiyo picha iliyokosekana kabla ya nembo, picha iliyoharibika juu ya nembo yenyewe, na picha iliyopotea baada ya nembo ni magonjwa matatu tofauti, hata kama mgonjwa analalamika kwa neno moja.

Kabla ya yote, iondoe skrini katika orodha ya washukiwa. Bonyeza kitufe cha menyu cha skrini. Ikionesha menyu yake au maneno ya kukosa ishara, skrini ni nzima. Ikiwa giza, mulika tochi ya simu kwa upande. Ukiona maandishi hafifu yakielea nyuma ya kioo, kompyuta haina kosa, ni taa za ndani ya skrini zilizozimika. Kisha bonyeza Num Lock kwenye kibodi. Taa yake ikiwaka na kuzima kila unapobonyeza, mashine inafikiri, ila haioneshi mawazo yake. Taa isipobadilika, usitafute kiendeshi wala Windows, kwa kuwa safari haijafika huko. Majaribio haya hayahitaji hata bisibisi.

Ili kuelewa kwa nini kabla ya nembo ndiko mashine nyingi zetu hufia, lazima tuangalie zilikotoka. Mashine za mezani za mitaa yetu nyingi ni za ofisi za ng'ambo zilizokwisha kazi huko. Hufika Mombasa ndani ya makontena, zikapita Nairobi, Kampala na Kasese, zikavuka mpaka wa Mpondwe na Kasindi, ndipo zikaingia Beni na kupanda Butembo. Kutoka Kasindi hadi Beni ni kama kilomita 80, na kutoka Beni hadi Butembo ni 54. Barabara hizo mbili zimo katika mradi wa kilomita 223 uliozinduliwa na marais Museveni na Tshisekedi Juni 2021. Lakini mashine nyingi zinazotumika leo zilikuja juu ya malori ya enzi ya mashimo, na mtikisiko wa safari nzima huilegeza RAM katika tundu lake na kuining'iniza kadi nzito hadi ikapinda. Kisha kuna vumbi letu jekundu. Huingia na hewa ya feni, likatulia juu ya miguu ya dhahabu ya RAM, na msimu wa mvua ukifika unyevu unaligandisha. Beni iko chini zaidi kuliko Butembo, ina joto na unyevu wa kuelekea msituni, na kutu ya miguu hiyo huja upesi zaidi kule.

RAM inahusikaje na picha? Inahusika sana. Mashine nyingi za ofisi hazina kadi ya grafiki ya pekee. Picha hutengenezwa na sehemu ya prosesa, ikitumia kipande cha RAM ileile ya kazi nyingine. BIOS isipoikubali RAM, haifiki hata kwenye hatua ya kutafuta picha. Ndiyo sababu ufutio wa mwanafunzi wa shule ya msingi ni kifaa cha heshima kwenye meza ya fundi. Chomoa waya wa umeme, bonyeza swichi ili kumaliza chaji iliyobaki, toa vibao vya RAM, sugua miguu yake taratibu kwa ufutio, pangusa, rudisha kimoja kimoja katika kila tundu. Fanya hivyo kabla ya kutamka neno kadi.

Mashine zenyewe pia husema, ila wengi hatuzisikilizi. HP za ofisi za miaka ya zamani humeta taa nyekundu na kulia: mara 5 ni RAM, mara 6 ni grafiki. Za karibuni humeta nyekundu halafu nyeupe: nyekundu 3 na nyeupe 2 ni RAM, nyekundu 3 na nyeupe 3 ni grafiki. Dell nyingi zinazolia hutoa milio 6 kwa grafiki. BIOS za Award hutoa mlio mrefu mmoja na mifupi miwili. Mashine iliyounganishwa na fundi wa mtaani mara nyingi haina spika ya ndani, kwa hiyo ni bubu, lakini spika hiyo ndogo inapatikana kwenye mzoga wowote wa kompyuta, na fundi asiyekuwa nayo anajinyima ushahidi wa bure.

Sasa umeme, ambao kwetu ndio mzizi wa mengi. Butembo, mji mkubwa wa biashara, ulikaa miongo bila mtandao wa SNEL, shirika la umeme la taifa, ukiishi kwa jenereta za watu binafsi, au grupu kama tunavyoziita, baadaye na sola. Chini ya Ruwenzori, kituo cha umeme wa maji cha Mutwanga kilianza 2013, na vingine vikafuata kusini, lakini hadi leo kompyuta moja inaweza kula umeme wa vyanzo vitatu ndani ya siku moja: sola asubuhi, umeme wa kampuni mchana, grupu jioni. Kisanduku cha umeme cha kompyuta kilichotengenezwa kwa viwango kinatakiwa kuvumilia kukatika kwa umeme kwa kiasi cha milisekunde 16 tu. Kuhama kutoka chanzo kimoja kwenda kingine kwa mkono huchukua muda mrefu kuliko huo mara nyingi, na grupu ndogo inapoanza kubeba mzigo, volti hupanda na kushuka kama pumzi ya mgonjwa. Inveta za bei nafuu hutoa wimbi la mraba, na visanduku vya kisasa havilipendi: huvuma, hupata joto, au hujizima. Kapasita ndizo zinazolipa gharama. Zikivimba kichwani kama mkate uliozidi hamira, volti 12 zinazolisha kadi na prosesa hazitulii tena.

Hapa ndipo feni hudanganya watu. Feni hutaka umeme kidogo, nayo itazunguka hata kwa volti zilizochoka. Kadi na prosesa hazikubali. Anayesema "inawaka, kwa hiyo umeme ni mzima" amekosea. Jaribio la kuaminika ni kuazima kisanduku kizima kutoka mashine nyingine na kuangalia kama nembo inarudi. Na mashine iliyotumwa kutoka Marekani kama zawadi kwa kanisa au ndugu, igeuze nyuma kabla ya kuichomeka: visanduku vya zamani vina swichi nyekundu ya kuchagua volti 115 au 230. Ikiwa kwenye 115 na ukuta wetu ni 220, utasikia mlipuko mmoja, na harufu yake utaikumbuka.

Ipo pia hali ambayo hakuna kilichokufa kabisa. Mashine za ofisi za karibuni hutoa picha kwa DisplayPort, na nyingi hazina tena tundu la VGA, wakati skrini nyingi za Butembo bado ni za VGA. Adapta isiyo na saketi ya kugeuza ishara haiwezi kuvusha picha ya kidijitali kwenda VGA. Ni waya tu umevalishwa vichwa viwili. Au mtu amefunga kadi mpya, akachomeka skrini kwenye tundu la ubao mama badala ya tundu la kadi. Au amenunua prosesa ya Intel yenye herufi F mwishoni, ambayo haina picha ya ndani, akatarajia skrini iwake bila kadi. Na betri ya duara ya volti 3, CR2032, ikichoka, BIOS husahau mipangilio yake, na huenda ikapeleka picha kwenye tundu ambalo hukulichomeka. Kubadilisha betri hiyo ni gharama ndogo kuliko soda chache.

Suala la BIOS litazidi kutusumbua. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa upande wa Intel Windows 11 haikubali rasmi karibu prosesa zote zilizotangulia kizazi cha 8. Ofisi za ng'ambo zinatupa mashine za kizazi cha 6 na cha 7 ambazo bado zina nguvu, na baadhi zitatufikia. Fundi anayetaka kulazimisha Windows 11 huingia kwenye BIOS, akazima hali ya zamani inayoitwa CSM, akawasha ile mpya, UEFI, peke yake. Ikiwa kadi ni ya kabla ya 2012 hivi, programu yake ya ndani haiijui UEFI. Ukiwasha mashine tena, skrini ni nyeusi, na mteja anaambiwa kadi imeungua. Haijaungua. Toa kadi, tumia picha ya ubao mama, rudisha CSM. Ikiwa mashine haina picha ya ndani, toa betri ya duara kwa dakika chache ili BIOS isahau ulichoiamuru.

Nisieleweke kwamba kadi hazifi. Zinakufa, na nyingine zinauzwa zikiwa nusu mfu. Hadi tarehe 15 Septemba 2022 sarafu ya Ethereum ilichimbwa kwa kadi za grafiki, usiku na mchana, miezi kwa miezi. Siku hiyo uchimbaji huo ulikoma, na kadi zilizochoka zikamwagika sokoni duniani kote. Jirani yetu wa Lubero, kituo cha Hifadhi ya Virunga cha Luviro, kinachimba Bitcoin kwa umeme wa maji tangu 2020, na nimesikia watu wakidhani kadi za bei rahisi zinatoka kule. Hapana. Bitcoin huchimbwa kwa mashine zenye chipu za kazi hiyo moja, ambazo hazijawahi kuchora picha. Kadi zilizochoshwa na Ethereum zinakuja na makontena. Nyingine zina programu ya ndani iliyobadilishwa ili zichimbe zaidi: nembo itatokea, Windows itaanza, kisha kiendeshi kitakataa kuitambua kadi na kuandika kosa namba 43. Baadhi ya kadi za Radeon zina kiswichi kidogo ubavuni cha kurudi kwenye programu ya pili, na kukisogeza tu kumewahi kufufua kadi iliyokwisha andikwa marehemu. Tena NVIDIA iliunda kadi ya uchimbaji, P106-100, isiyo na tundu lolote la skrini. Ukiuziwa hiyo kama kadi ya michezo, hutaona picha kutoka kwake kamwe.

Mbaya zaidi ni za kughushi. Kadi ya zamani ya kizazi cha GTS 450 inavishwa jina la GTX 1050 Ti kwa kubadilisha programu yake ya ndani. Itaonesha nembo, itaonesha Windows, lakini siku ukiweka kiendeshi halisi skrini itaingia giza, kwa sababu kiendeshi kinaongea na kadi isiyokuwepo. Programu ya GPU-Z, tangu 2018, huzigundua nyingi za NVIDIA na kuweka neno FAKE mbele ya jina. Iweke kwenye flashi, nenda nayo dukani, iendeshe kabla ya kutoa dola.

Na kadi nzima inaweza kunyimwa chakula. Tundu la PCIe hutoa wati 75 na si zaidi. Waya wa pini 6 huongeza 75, wa pini 8 huongeza 150. Dell OptiPlex 7010 ndogo ya zamani ina kisanduku cha wati 240 kwa mashine nzima, na haina waya hizo. Ukiipa RX 580 inayotaka wati 185, hutapata picha hata kama kadi imetoka kiwandani jana. GTX 1650 isiyo na tundu la umeme wa ziada inaishi ndani ya wati 75, ingawa katika sanduku dogo kama hilo lazima iwe ya umbo fupi.

Tukivuka nembo, tumeingia nchi nyingine. Nembo safi ikifuatwa na giza ina maana umeme, RAM na kadi vimetimiza kazi yao ya kwanza. Mara nyingi mshukiwa sasa ni kiendeshi, na kiendeshi hakinunuliwi. Windows huipa kadi sekunde 2 kujibu. Isipojibu, hujaribu kuiamsha, na ikishindwa huandika VIDEO_TDR_FAILURE kwenye skrini ya buluu. Mashine ikiwa giza lakini hai, bonyeza pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B: kiendeshi huanzishwa upya. Isiposaidia, zima mashine kwa nguvu mara tatu mfululizo inapoanza kuwaka, nayo itafungua ukurasa wa ukarabati. Huko chagua mode sans échec, namba 4. Ukipata picha huko, umeshapata jibu: ondoa kiendeshi kilichopo, weka kinachoifaa kadi. Kiendeshi cha NVIDIA kinazidi megabaiti 600, na kwa bando za simu zetu hilo si jambo dogo. Fundi mwenye busara hukipakua mara moja, akakihifadhi, akawapa wenzake.

Linux ina mtego wake, na sisi wa AZERTY tuna mtego juu ya mtego. Mwanafunzi wa Beni anaweka Ubuntu kwenye mashine yenye kadi ya NVIDIA. Kiendeshi huria kinachokuja nayo kinaitwa nouveau, neno ambalo sisi hatuhitaji kutafsiriwa, na kwa baadhi ya kadi husababisha giza mara tu baada ya nembo. Dawa ya kwanza ni kushika Esc au Shift wakati wa kuwasha ili ukurasa wa GRUB utokee, kubonyeza e, kwenda mwisho wa mstari unaoanza na linux, kuongeza neno nomodeset, kisha F10. Neno hilo huiambia kerneli isishike skrini kwa namna yake. Lakini GRUB kwa kawaida haijui AZERTY. Huiona kila kibodi kuwa ya Kimarekani. Ukibonyeza m iliyo kando ya l, itaandika nukta-mkato, na amri haitafanya kazi. Ile m unayoitaka iko chini ya kitufe chenye mkato. Nimeona mashine zikifutwa na kuwekwa Linux upya mara tatu kwa sababu ya herufi hiyo moja. Baada ya kupata picha, weka kiendeshi cha NVIDIA kinacholingana na umri wa kadi, kwa sababu kadi za kizazi cha Fermi zimebaki kwenye tawi la 390, ambalo matengenezo yake yaliisha 2022. Secure Boot ikiwa imewashwa, ukurasa wa buluu utatokea kwa sekunde chache kuomba uidhinishe kiendeshi. Ukiupita bila kujibu, kiendeshi kitakataliwa na giza litarudi.

Imebaki picha inayoonekana lakini imeharibika. Mistari, vibandiko vya rangi, herufi zilizovunjika. Zikianza baada ya kiendeshi kupakiwa, shuku kiendeshi au joto: safisha feni, badilisha pasta ya joto iliyokauka. Lakini zikionekana juu ya nembo yenyewe, na ndani ya BIOS, kwa waya mwingine na skrini nyingine, basi kadi, au kumbukumbu yake, ni mgonjwa kweli. Hapo fundi wa kwanza angekuwa na haki. Wapo wanaoipasha kadi moto kwa hewa kali ili ifufuke. Hufufuka kwa siku, pengine kwa wiki, kwa kuwa joto huzirudisha kwa muda sehemu zilizopasuka. Sipingi kufanya hivyo ili kuokoa faili za mtu. Napinga kuuza moto huo kama matengenezo, bila kumwambia mteja kwamba ugonjwa utarudi.

Kinachokosekana kwenye meza zetu si elimu tu. Ni vipuri vizima vya kujaribia: kisanduku kimoja cha umeme, kibao kimoja cha RAM cha kila aina, kadi moja ndogo ya wati 75, skrini moja yenye matundu mengi. Fundi asiye navyo analazimika kubahatisha, na gharama ya kubahatisha humwangukia mteja. Mafundi watatu wa mtaa mmoja wakichangia seti moja wangeipata. Pia tungepaswa kuzoea kutoza pesa ya uchunguzi, kiasi kidogo, hata kama dawa ni ufutio. Fundi anayelipwa tu anapouza kadi ataona kadi mbovu kila mahali.

Ile mashine ya sekretaria ilikuwa HP ya zamani. Nilipoiwasha na kunyamaza kidogo, taa nyekundu ilimeta mara tano, ikatulia, ikameta tena mara tano. Kibao kimoja cha RAM kilikuwa kimetoka nusu kwenye tundu lake, miguu yake imevaa vumbi. Saa kumi na moja jioni ilirudi kwa pikipiki ileile, kabla grupu ya mtaa haijawashwa.